Wasiutafute Mbali

Mume wangu alikuwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la Mzungu huko Dundori, na kwa muda mrefu alikwenda msalani na kurudi bila kusema neno. Mimi ndiye niliyefua nguo zake. Niliona damu. Alipojua nimeiona akasema, "Mama watoto, hayo ni ya kwangu," nasi tukanyamaza wote wawili. Kwetu ugonjwa wa kichwa husemwa, wa mguu husemwa, hata wa kifua watu walikuwa wameanza kuusema. Lakini ugonjwa wa pale mtu anapokalia ulikuwa hausemwi, hasa na mwanamume mwenye wakwe.

Hiyo ilikuwa miaka ya hali ya hatari, tulipotembea na pasi za ruhusa mfukoni na kuingia ndani mapema kwa amri. Neno mchango lilikuwa la kuogopwa. Ukisikia watu wanachanga, ulijiuliza wanamchangia nani huko msituni, na askari naye alijiuliza hivyo hivyo. Kwa hiyo nyapara alipopita kwenye nyumba zetu akasema memsahib, mama mwenye shamba, anataka watu wote bustanini kwake Jumamosi kwa mchango, watu walitazamana. Mama mmoja alifunga mlango.

"Mchango wa nini?" mume wangu akauliza.

"Wa kutafuta ugonjwa."

"Ugonjwa gani?"

"Mimi ni nyapara, si daktari. Nimeambiwa kutafuta ugonjwa, nami nimewaambia kutafuta ugonjwa."

Jirani yetu, bibi mzee niliyekuwa nikichuma naye pareto, alicheka mpaka akashika ukuta. "Wazungu hawa! Walitafuta mashamba wakapata, sasa wanatafuta ugonjwa! Waje kwangu, nina wa magoti, nitawapa bure."

Mume wangu hakucheka. Usiku kucha alikuwa akigeuka kitandani.

Jumamosi tulikwenda. Wageni wa memsahib walikuja kwa magari kutoka Nakuru na Gilgil, wakakaa chini ya turubai, nasi tukasimama upande wa zizi la farasi. Mezani kulikuwa na keki, sweta za kufuma, chupa za jemu na magunia ya viazi. Katikati waliweka tandiko la farasi la marehemu bwana, lile alilolipaka mafuta kila Jumapili kwa mkono wake mwenyewe. Nilipoliona pale likiuzwa nilijua hili si jambo dogo. Bwana alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Sisi tuliambiwa ni moyo.

Memsahib alisema kwanza na wageni wake kwa Kiingereza. Sikuelewa, ila niliwaona wakitazama viatu vyao. Kisha akatugeukia, akasema kwa kile Kiswahili chake cha jikoni, ambacho sisi tulizoea kukiiga jioni tukicheka.

"Bwana yangu nakufa. Watu nasema moyo. Hapana moyo." Akaweka mkono nyuma, chini ya kiuno, mbele ya wote. "Gonjwa iko hapa. Naanza hapa, nakula tumbo yote. Yeye naona haya, hapana ambia mimi. Mimi naona haya, hapana uliza yeye. Sasa daktari ya Ulaya nataka tafuta hii gonjwa. Pesa ya leo nakwenda kwa wao, wao natafuta."

Mgeni mmoja wa kike alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Upande wetu vijana walianza kucheka kwa pua, na yule jirani akawakemea, "Nyamazeni, mjane anasema." Sikujua kwamba mwanamke anaweza kusimama mchana, watu wakimtazama, akasema jambo lile. Na jambo lenyewe lilikuwa la nyumbani kwangu. Yeye naona haya, mimi naona haya. Hakuna aliyewahi kuisema nyumba yangu vizuri hivyo, na ilisemwa na mtu asiyejua Kiswahili.

Ndipo mume wangu akavua kofia, akapita mbele.

"Memsahib, waambie hao madaktari wasiutafute mbali. Uko hapa." Akaweka mkono mahali pale pale.

Mtu mmoja alipiga kelele, "Mkamuaji anataka keki huyo!" maana mume wangu alijulikana kwa mizaha. Hakuna aliyemfuata kucheka. Memsahib aliacha meza zake akavuka bustani yote mpaka aliposimama mbele yake.

"Damu?"

"Damu."

"Siku mingi?"

"Mingi, memsahib."

Watu walisema baadaye kwamba mume wangu alikosea, kwamba hakuelewa. Ni kweli hakuelewa. Lakini kwetu ng'ombe akipotea na mwenyewe akatangaza kwamba anamtafuta, aliyemwona akanyamaza ni sawa na mwizi. Mume wangu alisikia watu wa mbali wanatafuta kitu, mpaka mjane anauza tandiko la mumewe ili kitafutwe, na kitu chenyewe yeye alikuwa amekificha.

Memsahib alimteremsha Nakuru kwa gari lake. Daktari wa hospitali ya Waafrika alimpasua, akamshona tena. Alikijua Kiswahili vizuri. Aliniita pembeni akaniambia tumechelewa, ugonjwa umeshafika kwenye ini. Kisha akasema alikuwa amekata kipande kidogo, na kwamba anataka kukipeleka Ulaya kwa wale wanaochangiwa.

"Hawatafuti ulipo, mama," aliniambia. "Wanatafuta unavyoanza. Wanautazama kwa kioo kinachokuza vitu, siku baada ya siku."

"Kitamponya?"

"Hapana."

"Kitamponya nani?"

Alifikiri. "Sijui. Labda mtu ambaye bado hajazaliwa. Labda wasione kitu."

Nilikataa. Nilimwambia mume wangu nitamzika mzima, alivyotoka kwa mama yake, hata kama kuna mshono. Alikuwa amelala akitazama dari, midomo imekauka.

"Kipande hicho ndicho kinachoniua," akasema. "Unataka nizikwe nacho tufanye nini pamoja?"

"Ni chako."

"Ndiyo maana ninaweza kukitoa. Mama watoto, nilisema mbele ya watu kwamba uko hapa. Sasa wamekuja. Niwafiche tena?"

Niliomba nikione kwanza. Daktari alileta kichupa, akakiinua dirishani. Ndani ya dawa iliyofanana na maji kulikuwa na nyama ya rangi ya kijivu, ndogo kuliko ncha ya kidole changu. Nilikitazama mpaka daktari mkono ukamchoka, akakihamishia mkono mwingine. Huyu alikuwa mtu wa kubeba madebe mawili ya maziwa yaliyojaa, moja kila mkono, kutoka zizini mpaka barabarani bila kupumzika. Kitu kile kilikuwa kimemwangusha. Na mahali fulani kulikuwa na watu wasiojua jina lake, waliokuwa wakikaa chini kukisubiri, na watu wengine waliouza keki na jemu ili wao waendelee kukaa. Nilitikisa kichwa kukubali.

Alikufa nyumbani, viazi vikiwa vinatoa maua. Memsahib alikuja kaburini kwa miguu, akasimama nyuma yetu akiwa na matope mpaka magotini. Nilipotupa udongo nilijua kuna kitu hakimo mle ndani. Iliniuma, na bado huniuma. Habari za kichupa kile sikuletewa. Sijui waliona nini.

Mwaka uliofuata nyapara alipita tena kutangaza mchango. Safari hii hakuna aliyefunga mlango. Watu walitoa mayai, kabichi, kuku mmoja wa kienyeji. Asubuhi ya Jumamosi jirani yangu alinipitia na kikapu chake cha mayai, tukaanza kupanda kuelekea nyumba kubwa.

"Bado hawajauona?" akaniuliza.

"Bado, nyanya."

"Wanachelewa hawa."

Tulitembea. Karibu na zizi la farasi alisimama, akahamisha kikapu mkono wa pili ingawa hakikuwa kizito.

"Ule wangu," akasema, akitazama mayai, "si wa magoti."

Nilimpokea kikapu. Hatukwenda kwenye meza. Tulizunguka mpaka mlango wa jikoni, nami nikabisha, nikamwambia mpishi amwite memsahib.