Gundi ya Mgomba

Mama yangu alikuwa fundi cherehani, na vipimo vya nguo za wateja wake alivikata kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Nyumbani kwetu Njoro, mjini Moshi, hakikutupwa kipande. Karatasi ya gauni refu ikishatumika iligeuzwa kuwa mkono wa sare ya shule, mkono ukawa kola, na kilichobaki baada ya kola kikawa changu. Nilikuwa na miaka kumi, na kila karatasi nilitaka kujua imetoka wapi.

Kwa masalio hayo mama alinishonea daftari. Humo nilibandika stempu za barua za baba, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya miwa, karatasi za kung'aa za ndani ya pakiti za sigara, picha za viberiti, na maua niliyoyakata kwenye kalenda ya mwaka uliokwisha. Gundi yangu ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano. Kisha ukaja mwaka ambao unga ulipatikana kwa foleni kwenye duka la ushirika, na mama akanikuta na kijiko mkononi.

"Unga huu ni wa kula," alisema. "Karatasi haina njaa."

Nilinuna siku mbili nzima.

Likizo ya Juni nilipelekwa Marangu kwa bibi, mama yake baba. Kila asubuhi bibi alikata mgomba uliokwisha kuzaa, akaupasua vipande vya kumlisha ng'ombe zizini. Nikimsaidia kubeba, niliona vidole vyangu vinashikana. Basi nikaanza utafiti. Nilikinga utomvu kwenye kifuniko cha kopo, nikabandika karatasi ya majani ya chai, nikasubiri hadi kesho yake. Ilikuwa imeshika vizuri, na utomvu umekauka bila rangi yoyote. Gundi ya bure, iliyotoka kwenye chakula cha ng'ombe! Nilijiona mtaalamu.

Bibi alilipitia daftari langu ukurasa kwa ukurasa, akiuliza kila kitu kilikuwa nini kabla ya kufika humo. Mwisho akaingia ndani, akatoka na picha ya babu. Babu alifariki kabla sijazaliwa, na hiyo ndiyo picha pekee aliyowahi kupigwa, siku moja aliposhuka mjini Moshi. Mende walikuwa wameanza kuila pembeni.

"Humu hakuna nafasi ya babu yako?" aliuliza bibi.

"Ipo, bibi."

"Mweke. Krismasi watoto wote wakirudi, nataka wamwone kabla mende hawajammaliza."

Nilimpa ukurasa wake peke yake. Kwa kutaka ashike sawasawa nilipaka utomvu mwingi mno, ukavuja, ukapanda juu ya picha kifuani na kwenye sikio moja. Nikaufuta kwa kidole. Ulipokauka sikuona kitu, nikaondoka na daftari kwenda mjini ili niupambe ukurasa kwa maua ya kalenda.

Wiki chache baadaye nilifungua nikamkuta babu na madoa ya kahawia kuanzia shingoni hadi tumboni, na sikio moja limefunikwa kabisa. Nilisugua kwa limau hadi nikaogopa kuitoboa picha. Mama alipoona aliacha kushona.

"Umebandika na nini?"

Nikamweleza.

"Sasa wewe unadhani kwa nini nakukataza kuingia kihambani, kwenye migomba, na gauni la kanisani?"

Nilidhani ni umande. Mtoto yeyote aliyelelewa kule juu, kati ya migomba, anajua kwamba utomvu wake leo hauonekani, baada ya siku chache unakuwa kahawia, na hakuna sabuni itakayoutoa. Mimi nilikuwa mtoto wa mjini. Kuanzia hapo hadi Desemba niliishi kwa hofu, na mara mbili niliomba niugue ili nisiende Marangu.

Krismasi ilipofika ukoo mzima ulikuwa uani, mbege, pombe ya ndizi, imeshagawiwa. Nilimwamkia bibi shikamoo bila kumtazama, nikampa daftari limefunguliwa kwenye ukurasa wa babu, nikaanza kulia.

Bibi aliisogeza picha kwenye mwanga. Akapitisha kidole juu ya madoa.

"Hili shati halikuwa lake," alisema. "Lilikuwa la mpiga picha. Alimvisha kwa sababu la kwake lilikuwa hivi hivi, limejaa utomvu. Mashati yake yote yalikuwa hivi. Niliyafua miaka yote ya ndoa yetu, hayakutakata hata siku moja."

Nilitaka kujua kama ananibembeleza tu. Hadi leo sijui. Nilifuta machozi nikauliza, "Na sikio, bibi?"

"Hapo kwenye sikio," alisema, "umemwonea."

Baba wakubwa, baba wadogo na mashangazi wakaja kutazama mmoja mmoja, na kila aliyefika bibi alimwonyesha shati kwanza. Picha ilikuwa imeshika kabisa, haikuweza kubanduliwa. Jioni nilipoomba daftari langu, bibi alilifunga akaliweka mapajani, akaniambia nikashonewe jingine.