Ree ya Shupaza kwenye Kigoda cha Guku

Karata zilizozeeka zina harufu yake: jasho la vidole, ugoro na vumbi la ngozi ya ng'ombe. Juzi nilipita kijiweni Somanda, vijana wa bodaboda wakicheza juu ya ndoo iliyopinduliwa, harufu ile ikanisimamisha. Na mimi si mtu wa kusimama ovyo. Nina diploma ya mifugo, nina duka la dawa za mifugo, na nyumba yangu nimeijenga bila kushikwa mkono na mtu. Lakini pale nilirudi kuwa binti wa darasa la tatu kijijini Ipililo.

Guku, yaani babu yangu, tulikuwa tumemzika. Kwetu wajukuu ndio watani wa marehemu, kwa hiyo siku ya kuanua tanga wazee walitaka mchezo alioupenda uchezwe mara ya mwisho, na mjukuu amshikie karata. Nikakalishwa kwenye kigoda chake. Jua lilikuwa la utosini, lakini kigoda kilikuwa na ubaridi wa jiwe la kisimani.

Tulicheza watatu: jirani yetu mzee Luhende, kisha Babu Mdogo, kisha mimi. Babu Mdogo, mdogo wake marehemu, alikuwa ametoka Kimali kuja kuchukua maksai wawili wa kaka yake, waliolima pamba ya mama. Mama alikataa. Walibishana asubuhi nzima, mpaka Babu Mdogo akasema, "Kaka aamue mwenyewe. Karata zake zikishinda, maksai wabaki. Zikishindwa, naswaga leo leo."

Hakuna aliyecheka.

Turufu ilikuwa shupaza, na mkononi nilikuwa na ree yake, karata inayozila zote. Vidole viliniwasha kuitupa. Luhende alipoanza na saba ya kopa, karata nono, ningeweza kuikata kwa ree hiyo nikaichukua. Nikaiacha iende, nikatupa takataka.

"Mayu, mjukuu wangu, marehemu amekuachia majani matupu?" Luhende alinitania.

"Ndiyo maana alikonda," nikajibu.

Babu Mdogo hakutania. Tangu tuanze hakuwa ameniangalia usoni. Aliangalia juu ya kichwa changu, ukutani, mahali pasipo na mtu. Kuku walikuwa wamenyamaza, na mbwa wa Guku alikuwa amelala mbali, masikio yamesimama.

Luhende akatupa ree ya kopa. Babu Mdogo akaikata kwa saba ya shupaza, kwa kishindo. Nikaweka ree yangu juu taratibu. Mchezo ukaishia hapo.

Maksai walibaki. Pamba ya mama ikanisomesha, na kwa miaka mingi nilisimulia jinsi akili yangu ilivyomshinda mzee mzima kwa kujua kusubiri.

Nilipomaliza chuo nilimfuata Babu Mdogo Kimali nimtambie. Alikuwa hana meno tena. Nikamuuliza, "Babu, ulithubutuje kutoa saba wakati ree haijaonekana?"

"Mimi na kaka tulicheza upande mmoja maisha yetu yote," akasema. "Mwenye mkono mtupu alimwashiria mwenzake kwa kushika sikio. Siku ile alisimama nyuma yako, ameshika sikio."

"Alikudanganya?"

"Mara ile moja tu."

Diploma yangu iko ukutani, kwenye fremu. Wageni wakiisifia huwa nakubali, kisha najikuta naangalia juu ya vichwa vyao.