Wembe Mmoja wa Ukoo

Babu yangu Andati alijisifu kwa mambo mawili: kwamba hajawahi kulazwa hospitalini, na kwamba wembe mmoja ulimtosha kunyoa ukoo mzima. La kwanza lilikuwa kweli. La pili pia lilikuwa kweli, na ndilo lililokuja kumnyima raha uzeeni.

Kwetu Lurambi, mtu akizikwa, siku ya tatu jamaa hukaa uani wakanyolewa. Mjane hutangulia, kisha ndugu za marehemu, kisha sisi wengine. Asiyenyolewa bado ana msiba mwilini. Hapewi mkono wala haingii nyumba ya jirani. Wembe ulikuwa mmoja kwa sababu damu ni moja, ndivyo tulivyoambiwa. Andati aliusuuza kwenye maji kati ya kichwa na kichwa, akaupangusa kwa jani la mgomba, akaendelea. Akimkata mtu kidogo, alimtania kwamba kichwa chake kina mashimo kama barabara ya Mumias. Tulicheka. Mbona tusicheke? Hatukujua.

Kisha ikaja miaka ya tisini. Vijana waliokwenda kukata miwa walirudi nyumbani wamekonda, wengine hata hawakukaa mwezi. Kwenye mazishi tulisema malaria, tulisema kifua, tulisema kuna jirani mwenye mkono mbaya. Neno lenyewe, ukimwi, tuliliachia redio. Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua. Sisi kifo kilituumbua kila Jumamosi ya mazishi na bado tukaficha. Mimi mwenyewe nilisema malaria. Sijivunii.

Mwaka wa tisini na sita Andati alijikata kidole gumba akinyoa, kikavimba, akaenda zahanati. Muuguzi alimuuliza kimemkata nini. Babu, kwa maringo yake, akamweleza kazi yake yote. Yule mama akaacha kufunga bandeji.

"Wembe moja, kuka?" akauliza, akimwita babu kwa Kiluhya. "Watu wangapi?"

"Boma nzima. Tunafanyanga hivyo tangu zamani."

Alimweleza taratibu, bila kumgombeza, jinsi damu iliyobaki kwenye wembe inavyoweza kubeba ugonjwa kutoka mtu hadi mtu. Babu alirudi kwa miguu na jioni hiyo hakula. Wiki nzima alikaa barazani akitaja majina ya watu aliowanyoa, wazima na waliokwisha kuzikwa. Nilimwambia kwamba mara nyingi ugonjwa wenyewe haupiti njia hiyo.

"Mara nyingi?" akaniuliza.

Hakuwahi kujua kama wembe wake ulimwambukiza mtu, na hapakuwa na mtu wa kumjulisha.

Mwezi uliofuata akafa Cleophas, mjukuu wa kaka yake Andati, dereva wa trekta la miwa. Aliacha mke, Zilpah, naye alikuwa amekonda. Siku zote za matanga Zilpah alikaa mkekani peke yake, na kila aliyepita alimzunguka kwa mbali. Obusuma, ugali aliousonga kwa mikono yake, ulipoa kwenye sahani. Watu walisema wameshiba ilhali matumbo yalikuwa yakinguruma. Kilichobaki kujulikana ni kama angenyolewa pamoja nasi. Asiponyolewa, ukoo umemtupa angali hai.

Asubuhi ya kunyoa Andati alikuja na pakiti ya nyembe mpya. Shikanga, baba mdogo wa Cleophas na msemaji wa boma lile, aliitazama kama mtu aliyeletewa chakula cha jana.

"Hizi zote ni za nini, mzee? Sisi ni wageni hapa? Tunatumianga moja."

"Na Zilpah?"

"Huyo apewe yake. Anyolewe huko nyuma ya jikoni, kama ni lazima."

Babu akatoa wembe mmoja kwenye karatasi yake.

"Sawa, tufuate desturi. Wembe moja. Na desturi inasema mjane aanze. Nitanyoa Zilpah, halafu nikunyoe wewe, na hii hii. Sogea karibu."

Shikanga alitazama wembe, akamtazama Zilpah, kisha akatazama viatu vyake.

"Kumbe unajua," Babu akasema. "Mimi sikujua, na nikakata watu. Wewe unajua, na bado ulitaka hawa wote wanyolewe na moja, ndiyo tuonekane tuko na heshima. Ogopa wembe, Shikanga. Zilpah umwogopee nini?"

Shikanga akanyoosha mkono na kuchukua wembe mpya kutoka kwenye pakiti. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, bila kutazamana.

Zilpah aliketishwa katikati ya uwanja, mbele ya wote, akawa wa kwanza. Kila wembe uliotumika ulitupwa chooni. Sote tulipokwisha kunyolewa, Andati aliketi kigodani yeye mwenyewe. Hatukuwahi kumwona akinyolewa hadharani. Siku zote alinyolewa kwake. Akampa Zilpah wembe uliobaki.

"Ninyoe, mke wangu," akasema. Ndivyo babu wa kwetu anavyomtania mke wa mjukuu.

"Kuka, sijawahi nyoa mtu. Nikikukata?"

"Nimekata watu wengi. Na mimi nikatwe."

Na kweli alimkata, juu ya sikio. Damu ikateremka hadi shingoni. Zilpah akasita, na sote tukamtazama mzee. Babu akajipangusa kwa jani.

"Endelea. Upande huu umeuacha."

Baada ya hapo watu walianza kumpa Zilpah mkono. Mimi nilikuwa wa mwisho, na si kwa heshima. Siku zote za matanga nilijipa kazi ya kuchambua mboga upande wa pili wa uwanja, nisije nikapita karibu naye. Nilipomshika mkono nilianza kumweleza kwamba kazi zilikuwa nyingi.

"Nilikuwa nakuonanga," akasema, asiuachie mkono wangu. "Keti. Kuna obusuma."

Nikaketi. Nilikula kwa aibu, nikaumaliza.