Siku ya Kuitwa Watoto

Mwaka huu nilifika Msambweni siku ya tatu baada ya Krismasi, nikakuta kanisa letu limefungwa na vipaza sauti vimekwisha kushushwa. Mwanamke aliyekuwa akifagia uani alinifungulia. "Shikamoo, babu. Umechelewa, sikukuu imeisha." Nikaitikia marahaba, nikaingia. Moshi wa korosho zinazochomwa kwa jirani ulipita dirishani, nawe wajua harufu inavyoweza kumrudisha mtu asikotaka kwenda.

Enzi zetu, rafiki yangu, sikukuu haikuisha upesi hivyo. Kanisa lilikuwa la udongo na makuti, na hori la Mtoto Yesu tulilisuka wenyewe kwa ukindu. Bibi alipika mbaazi za nazi siku baada ya siku, hata jirani yetu Mwislamu, ambaye hakukosa kutuletea mahamri, akamtania: "Sikukuu yenu haina mwisho? Sisi Idi tukishakula, tumekula."

"Nyinyi mna Idi mbili," Bibi akamjibu. "Tuachieni hii moja tuivute."

Lakini siku ya tatu vicheko vilikoma. Ndiyo siku ya watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Katekista aliondoa kitambaa cheupe altareni, akatandika chekundu. Alikuwa akituambia, "Mtoto wa horini aliponyoka, wenzake hawakuponyoka. Asiyewakumbuka hao hajaijua Krismasi. Mwokozi alizaliwa katika dunia hiihii ya akina mama wanaolia."

Kisha aliwaita kwa majina watoto wa kijiji waliofariki mwaka ule. Kila jina lilipotajwa, ndugu wa marehemu alisimama kando ya hori akamjibia: "Nipo." Mama zao walilingoja neno hilo moja tangu siku ya maziko.

Mwaka mmoja zamu ilikuwa yangu. Dada yangu mdogo alikuwa amechukuliwa na homa wakati wa masika. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, kama ya mtu aliyetoka kulia, hata alipocheka. Mama alinifundisha huku akipepeta mchele. "Useme kwa nguvu, nisikie." Nami niliogopa. Sisi watoto tuliambiana kwamba ukimjibia maiti, naye atakujibia siku utakapoitwa wewe.

Jina likatajwa. Nikafunga mdomo. Upepo ukatulia kwenye makuti. Majani makavu ya horini yakachakarika kidogo, kama mtu anapojigeuza kitandani.

"Nipo."

Ilitoka chini, usawa wa goti langu. Sauti ya kukwaruza.

Katekista akaendelea na jina jingine. Njiani kurudi nyumbani mama alinikumbatia, mara ya kwanza tangu maziko. "Ahsante, baba. Umemwigiza mpaka sauti yake."

Nikasema, "Haya, mama."

Woga wangu najisamehe, nilikuwa mtoto. Nisichojisamehe ni ile "haya". Mama aliishi miaka mingi, na kila Krismasi aliwasimulia wageni jinsi nilivyomjibia dada yangu, nami nikatabasamu huku nikimega hamri. Nilimzika bila kumwambia kwamba mwanawe alikuja mwenyewe. Nililinda aibu yangu, nikamnyima faraja yake.

Sasa hakuna anayeitwa. Katekista alifariki, makuti yakaondolewa, na Krismasi yenyewe ni nyimbo na soda, kesho yake watu wameshatawanyika. Watoto waliofariki mwaka huu hawana wa kuwajibia.

Nilisimama mbele ya hori. Ndani yake mlikuwa na mtoto wa plastiki, amelazwa juu ya karatasi za kumetameta. Nikalitaja jina la dada yangu, nikangoja. Nje, ufagio ulikwaruza changarawe, kisha ukanyamaza. Hakuna aliyejibu.

"Nipo," nikasema, kwa nguvu, mama asikie.