Jogoo wa Mavuno

Juma lililopita nilirudi Bunju, kwenye nyumba ya bibi, kuchukua vyeti vyangu. Jogoo akawika ng'ambo ya ukuta. Usinicheke: na shahada yangu, nilijikinga magoti kwa mkoba.

Wewe uliyelelewa na kuku wapole huenda usinielewe. Wetu alikuwa mwekundu, shingo kipara, na alikuwa na tabia ya kukusubiri. Bomba lilikuwa nyuma ya banda, na maji ya asubuhi yalikuwa kazi yangu. Ukiinama tu kutega ndoo, anashusha bawa moja, anakuzunguka kimya, kisha kucha zote mapajani. Nilienda bombani na kifuniko cha sufuria mkono mmoja na ufagio wa chelewa mkono mwingine. Jirani yetu, karani mstaafu, alinichungulia juu ya michongoma.

"Darasa la tano unashindwa na kuku? Mpe na daftari basi, akufanyie hesabu!"

Kumpiga tulikatazwa. Bibi alikuwa amemwekea nadhiri tangu kifaranga, awe sadaka ya mavuno kanisani. "Huyo ni wa Bwana," alisema. "Mkimvunja mguu, nitapeleka nini mbele ya watu?"

Kisha jogoo akamrukia mdogo wangu wa miaka mitatu, aliyeshika kipande cha muhogo wa kuchemsha. Ukucha ulimchana chini kidogo ya jicho. Nilimbeba, damu ikinilowesha sare, nikapiga kelele: "Mchinje, bibi! Leo hii!" Bibi alimwosha mtoto kwa maji ya chumvi. "Jumapili si mbali, mjukuu wangu." Akamfunika jogoo kwa tenga. Basi.

Jumapili hiyo, sadaka zilipopigwa mnada nje ya kanisa, niliomba anunuliwe na mtu mwenye njaa. Jirani akapandisha bei, akapandisha tena, akampata. Nilikaribia kulia kwa furaha. Halafu akamnyanyua jogoo, akaja moja kwa moja hadi tulipoketi.

"Shikamoo, bibi. Huyu nakurudishia wewe, kwa heshima yako."

Vigelegele uwanja mzima. Mdogo wangu, plasta shavuni, alijificha nyuma ya gauni langu.

Njiani nilimkumbusha bibi kwamba nadhiri imekwisha, sasa ni kuku tu. "Nimchinje, jirani anione mie mtu wa namna gani?" Jogoo akaishi mwaka mzima mwingine, hadi ugonjwa wa mdondo ulipomwondoa.

Siku hizi nyuma kumesakafiwa, michongoma imekuwa ukuta, jirani amehama. Bibi tulimzika. Mdogo wangu alikua akiambiwa na bibi kwamba lile kovu ni la kuanguka ngazini, na anaamini hivyo hadi leo. Kila akisema hajawahi kuona mtu mpole kama bibi, nauma meno. Nami nammisi, harufu yake ya moshi na sabuni ya mche. Lakini nimebaki peke yangu ninayejua, na sina wa kugombana naye.