Mtu wa Nta Mwenye Kikapu

Stima imepotea, na harufu ya mshumaa imenirudisha kwenye nyumba yetu ya kampuni, katikati ya majani chai. Jumapili moja mchana, tivii ya jirani ilionyesha sanamu za nta zilizotembea kila mlinzi alipogeuka. Nilikimbilia kwa mama, nikamsimulia.

"Wanasimama hivyo siku nzima na hawachumi hata jani moja?" aliuliza. "Hao ni wavivu tu."

Akalainisha mshumaa kwa vidole vyake vilivyotiwa weusi na chai, akafinyanga mtu, akambebesha kikapu mgongoni.

"Huyu ako na kazi. Hana wakati wa kutisha mtoto."

Nilimweka dirishani. Asubuhi mama alipoenda kuchuma na kikapu chake, niliona mgongo wake unafanana na wa yule mtu wa nta.

Sasa vidole vyangu vinafinyanga nta hii ya moto. Vimeanza na kikapu.