Usianze na Kwa Nini

Siku yangu ya kwanza kazini, katika jengo la jumuiya karibu na mtaa wa Cedar-Riverside, hapa Marekani, mratibu wa masomo alinikabidhi kitabu cha Kikorea na kuniambia nianze na sura ya safari, kwa kuwa ni nyepesi. Mimi nilisoma chuo Seoul, nikajua papo hapo kwamba mratibu hajawahi kumuuliza mzee wa Kikorea jambo lolote.

Ninyi mnaofundisha lugha leo, ngoja niwaeleze. Kumuuliza mtu kama amewahi kufika mahali, Mkorea husema *gabosin jeogi isseuseyo*. *Ga* ni kwenda, *bo* ni kujionea, *jeok*, ambayo hapa inasikika *jeogi*, ni tukio lililopita. Baada ya *bo* imekaa *-si-*, silabi ya heshima. Hiyo ndiyo shikamoo yao. Ukiiacha, umemsemesha bibi yako kama mtoto mwenzako wa mtaani. Wala humwiti “wewe”; unamtaja kwa nafasi yake, mama au mwalimu. Kwetu hilo halihitaji somo. Wanafunzi wangu, jamani, walinitoa jasho. Kila wiki niliandika *-si-* ubaoni, kila wiki waliidondosha njiani.

Wengi wao walizaliwa Korea, wakaasiliwa na familia za huku wakiwa wachanga. Walikuja jioni, baada ya kazi, wapate lugha ya kuwatafutia wazazi. Nilipohamishiwa tawi letu la Saint Louis Park nikampokea Kari, nesi aliyekuwa akiendesha gari kutoka mji wa Blaine. Mama yake mzazi alikuwa ameshapatikana, na wamepangiwa kuzungumza kwa video. Kari alitaka sentensi moja tu: kwa nini ulinitoa.

Nikamfundisha safari. Akanishtaki kwa mkurugenzi wa tawi, bwana mpenda haraka.

“Mwalimu, mpe sentensi yake,” mkurugenzi akasema. “Hajaja kujifunza utalii.”

Nilimweleza kwamba mzee haulizwi kwa nini siku ya kwanza. Huko ni kumsimamisha kizimbani. Unamuuliza amefika wapi, kisha unanyamaza, na yeye mwenyewe atakuonyesha njia. Akasema tunapoteza muda. Nikarudi darasani nimekunja uso.

“Kwa nini nimheshimu?” Kari akaniuliza. “Yeye ndiye aliyeniacha.”

“Ukianza na kwa nini, ataomba radhi, atalia, na hutasikia kingine. Muulize safari.”

Akasema hilo ni swali la kijinga. Nikamwambia basi alirudie, na asiisahau *-si-*.

Siku ilipofika aliniomba nikae naye. Mama akatokea kwenye skrini, nywele zimechanwa vizuri, mikono juu ya meza. Wakasalimiana. Niliiona midomo ya Kari ikilitafuta lile swali lake, nikajiandaa kwa mabaya.

“*Eomeoni, Miguge gabosin jeogi isseuseyo?*” Mama, umewahi kufika Marekani?

Mama akatazama mikono yake. Alijibu kwa sauti ndogo, na Kari akanigeukia, maana maneno yalimzidi. Nikamfasiria.

“Anasema hajafika. Amefika uwanja wa ndege wa kwao tu. Kila mwaka, siku yako ya kuzaliwa, hufika pale na kukaa upande wa wanaowasili.”

Kari hakuuliza kwa nini. Siku ile hakuuliza kabisa.

Sasa nimestaafu. Nasikia mkurugenzi ameiondoa sura ya safari ili watu wafike haraka. Wafike wapi, hasemi. Ninyi mliobaki, ifundisheni hata mkilalamikiwa. Mwanafunzi atanuna, mwache anune, ilimradi anarudia.

Wiki iliyopita Kari alinipigia simu. Amekata tiketi. Alitaka nimsikilize sentensi moja aliyoitunga mwenyewe: mama, safari hii kaa palepale, nakuja. Aliisema yote bila kusita, na *-si-* ameidondosha.

Nikamwambia arudie tangu mwanzo.